Meno ya Zinjanthropus yafichua mlo wake, yatoa somo kwa Oldonyo Sambu

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KATIKA kata ya Oldonyo Sambu, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Namanga, si vigumu kumtambua mtu aliyezaliwa na kukulia hapo. Anapocheka, meno yake humtaja. Rangi ya kahawia iliyojichora juu yake ni ushahidi wa maji aliyokunywa utotoni, maji yenye madini mengi ya floridi yanayotoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru.

Wengi wamezoea kuliona jambo hilo kama mkosi wa mahali, na wengine, hasa wageni, hudhani ni uchafu. Kwa mwanasayansi, hata hivyo, meno hayo ni mfano ulio hai wa kanuni moja: jino ni kumbukumbu. Kile ambacho kiumbe anakula na kunywa wakati jino linajengwa huandikwa ndani yake, na maandishi hayo hayafutiki.

Ni kanuni hiyo hiyo iliyowawezesha wataalamu kujua mlo wa zamadamu walioishi kaskazini mwa Tanzania karibu miaka milioni mbili iliyopita. Matokeo yake yameangusha imani iliyodumu kwa takriban nusu karne kuhusu kiumbe mashuhuri kuliko wote waliopata kuchimbuliwa katika nchi hii, yaani Zinjanthropus.

Uchambuzi huu unaeleza jinsi imani hiyo ilivyojengwa, jinsi ilivyoanguka, na kwa nini mkazi wa Oldonyo Sambu ana sababu ya kuifuatilia habari hii kwa makini.

Fuvu lenye magego makubwa

Habari yenyewe inaanzia katika Bonde la Olduvai, ambalo kwa jina lake la asili ni Oldupai. Julai 17, 1959, Mary Leakey aliona mfupa uliojitokeza katika udongo, na alipouchunguza akaona meno mawili makubwa yakiwa bado yamo katika taya.

Vipande vilipokusanywa na kuunganishwa, likapatikana fuvu ambalo mumewe, Louis Leakey, alilipa jina la Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina la kale walilotumia Waarabu kuitaja pwani ya Afrika Mashariki, na boisei ni kumbukumbu ya Charles Boise, aliyefadhili utafiti wao. Siku hizi wataalamu wengi humwita zamadamu huyo Paranthropus boisei.

Mwaka 1961, kipimo cha umri wa majivu ya volkano yaliyolifukia fuvu hilo kilionyesha miaka milioni 1.75. Wakati huo watu wachache walidhani kwamba jamii ya binadamu ina historia ndefu kiasi hicho.

Kilichowashangaza zaidi wachunguzi kilikuwa ni meno. Meno ya mbele yalikuwa madogo, lakini magego yalikuwa makubwa mara kadhaa kuliko ya binadamu wa leo, nayo yamefunikwa kwa tabaka nene la enameli. Utosini kulikuwa na ukingo wa mfupa ambako misuli mikubwa ya kutafunia ilijishikiza.

Haikuchukua muda akapachikwa jina la utani, Mbangua Kokwa. Ilionekana wazi kwamba kiumbe mwenye taya la namna hiyo aliishi kwa kuvunja kokwa, mbegu na vitu vingine vigumu.

Ushahidi mwingine ulipatikana Januari 1964 huko Peninj, magharibi mwa Ziwa Natron. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuja kuwa mmoja wa wagunduzi hodari wa masalia ya kale duniani, aliona taya la chini likiwa na meno yote 16 ya mtu mzima. Taya hilo lilikuwa la jamii ile ile ya Zinjanthropus, ambaye fuvu lake la Olduvai lilipatikana bila taya la chini.

Hapa kuna jambo la kuangalia ili msomaji asichanganyikiwe. Karibu na Peninj upo mlima mkongwe wa volkano ambao nao huitwa Oldonyo Sambu. Katika lugha ya Kimaasai oldonyo ni mlima, hivyo si ajabu majina ya aina hiyo kurudiwa katika eneo hili. Oldonyo Sambu inayozungumziwa katika makala haya ni ile ya wilaya ya Arusha, chini ya Mlima Meru.

Umbo si ushahidi kamili

Kosa la jina la Mbangua Kokwa halikuwa katika kupima magego. Vipimo vilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba umbo la jino linatosha kueleza matumizi yake ya kila siku.

Panga zito linaweza kuangusha mti, lakini mwenye panga hilo anaweza kuishi miaka yote akilitumia kukatia majani ya ng'ombe. Anayetaka kujua kazi yake halisi hana budi kuacha kutazama ukubwa wa panga, akachunguza makali yake yamelika vipi.

Hivyo ndivyo walivyofanya Peter Ungar, Frederick Grine na Mark Teaford, ambao matokeo ya utafiti wao yalitolewa mwaka 2008. Walichunguza kwa hadubini uso wa magego ya zamadamu saba wa jamii ya boisei.

Mnyama anayevunja vitu vigumu huachiwa vishimo vingi juu ya magego yake. Anayetafuna majani au nyasi huachiwa mikwaruzo. Kama jina la Mbangua Kokwa lingekuwa la haki, vishimo vingeonekana kwa wingi.

Havikuonekana. Magego yote saba yalikuwa na mikwaruzo myembamba, wala hapakuwa na dalili kwamba yeyote kati yao alikuwa amevunja kokwa ngumu siku chache kabla ya kufa.

Hata hivyo, alama hizo zina upungufu wake. Hufutika na kuandikwa upya kila mara kadiri mtu anavyoendelea kula, kwa hiyo husimulia milo ya mwisho tu. Aliyetaka kujua maisha marefu zaidi alilazimika kuingia ndani ya enameli yenyewe.

Mahindi, ndizi na hesabu ya kaboni

Enameli hujengwa kwa madini, na ndani ya madini hayo hunaswa kaboni inayotokana na chakula. Kaboni ya kawaida ipo ya aina mbili zisizobadilika kwa kupita kwa wakati, moja nyepesi na nyingine nzito kidogo. Mimea hutofautiana katika namna inavyozichukua kutoka hewani.

Miti, vichaka, matunda, kokwa na mboga nyingi huchukua kiasi kidogo cha kaboni nzito. Nyasi za nchi za joto pamoja na baadhi ya mimea ya jamii ya mafunjo na ndago huchukua kiasi kikubwa zaidi. Anayekula mimea hiyo, au anayekula nyama na maziwa ya wanyama waliokula mimea hiyo, hurithi uwiano wake.

Kwa mkazi wa Arusha mfano uko mezani. Mahindi, mtama, ulezi na muwa ni nyasi za kundi la pili. Ndizi, maharage, mpunga, ngano na viazi ni vya kundi la kwanza.

Mtoto aliyekuzwa kwa loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando kinachopendwa na Waarusha, atakuwa na enameli tofauti na ya mtoto aliyekuzwa kwa mtori na maharage katika migomba ya Meru. Mahindi yake ni nyasi, na maziwa yake yametoka kwa ng'ombe aliyekula nyasi. Baada ya miaka milioni moja, mchunguzi angeweza kuwatenganisha wawili hao kwa unga kidogo tu wa meno yao.

Mwaka 2008 kipimo hicho kilitolewa taarifa kuhusu zamadamu wa Tanzania na watafiti watatu: Nikolaas van der Merwe wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Marion Bamford wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Miongoni mwa meno waliyopima yalikuwamo ya jamii ya boisei kutoka Olduvai na Peninj.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kati ya asilimia 77 na 81 ya mlo wa boisei ilitokana na mimea ya kundi la nyasi na jamaa zake. Kokwa na matunda ya mitini, ambayo kwa miaka karibu hamsini yalidhaniwa kuwa ndiyo chakula chake, hayakuwa na nafasi kubwa.

Watafiti hao walipima pia meno matatu ya Homo habilis, zamadamu aliyeishi Olduvai katika zama hizo hizo na ambaye huhusishwa na ukoo wetu. Kwake kiwango kilikuwa kati ya asilimia 23 na 49. Majirani hao wawili walikunywa maji ya ziwa moja lakini hawakula sahani moja.

Mwaka 2011 kundi lililoongozwa na Thure Cerling wa Chuo Kikuu cha Utah lilitoa matokeo ya meno 24 ya boisei 22 kutoka Kenya. Wastani ulikuwa asilimia 77, na hakuna aliyeshuka chini ya asilimia 61. Basi hakikuwa kioja cha Olduvai. Ilikuwa desturi ya jamii nzima, nayo ilikaribia ile ya pundamilia na wanyama wengine wa malishoni.

Kinyume chake, binamu yake wa Afrika Kusini, Paranthropus robustus, ambaye naye ana magego makubwa na taya zito, alipata sehemu kubwa ya chakula chake katika mimea ya kundi la kwanza, na magego yake yana vishimo vingi zaidi. Meno yanayofanana kwa umbo yalifanya kazi mbili tofauti katika nchi mbili. Hilo ndilo pigo kubwa zaidi kwa hoja ya kusoma umbo peke yake.

Alikula nini hasa?

Kipimo cha kaboni hutaja kundi la mmea, hakitaji jina lake. Ndiyo maana mjadala bado unaendelea.

Van der Merwe na wenzake walielekeza macho kwenye mafunjo, kwa kuwa zamadamu hao waliishi karibu na ziwa, mito na mabwawa. Wengine wanataja nyasi zenyewe, majani yake na mashina yake. Magego mapana yenye enameli nene yangefaa kusaga chakula kingi chenye nyuzi na mchanga kwa saa nyingi kila siku, bila kulika upesi.

Mwaka 2014 Gabriele Macho wa Chuo Kikuu cha Oxford alipendekeza ndago, vile viazi vidogo vinavyoota chini ya ardhi na ambavyo watoto wa vijijini huvichimba na kuvitafuna. Alitumia takwimu za nyani wa Amboseli, mbuga iliyopo Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Namanga.

Nyani hao huchimba ndago na kuzila kwa wingi. Kwa hesabu za Macho, zamadamu wa jamii ya boisei angeweza kupata asilimia 80 ya nguvu aliyohitaji kwa siku katika muda wa saa mbili na nusu hadi tatu na ushei za kutafuta ndago.

Hoja hiyo haijapata kukubaliwa na wote. Jambo ambalo halina ubishi mkubwa tena ni kwamba chakula kikuu cha Zinjanthropus kilikuwa chini kwenye nyasi na majimaji, wala hakikuwa juu ya miti.

Jamii hiyo iliishi Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka milioni moja kabla ya kutoweka. Wapo wanaosema kwamba ilitoweka kwa sababu ilitegemea mlo wa aina moja. Hoja hiyo inavutia, lakini meno peke yake hayatoshi kuithibitisha. Tayari wataalamu walikwisha kosea mara moja kwa kuyataka meno yaseme zaidi ya yanayoyajua.

Kinachoandikwa utotoni hakifutiki

Hapa ndipo masalia ya Olduvai yanapokutana na maji ya Oldonyo Sambu.

Enameli hujengwa mara moja tu. Jino likishaota, enameli yake haina tena chembe hai za kuitengeneza upya. Ndiyo sababu kaboni ya zamadamu imedumu humo kwa karibu miaka milioni mbili, na ndiyo sababu floridi iliyoingia katika jino la mtoto haitoki.

Floridi kwa kiasi kidogo huimarisha meno, na kwa ajili hiyo huwekwa katika dawa za mswaki. Ikizidi wakati jino linajengwa, yaani tangu kuzaliwa hadi takriban umri wa miaka minane, huvuruga ujenzi wa enameli. Jino huota likiwa na mabaka meupe, hugeuka kahawia, na katika hali mbaya humeguka.

Kwa hiyo meno hayo si dalili ya uchafu, wala hakuna mswaki utakaoyasafisha. Kijana anayeziba mdomo kwa mkono anapozungumza mbele za watu anaadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, lililofanyika kabla hajaanza darasa la pili.

Madhara hayaishii kwenye meno. Mifupa huendelea kupokea floridi maisha yote, na kwa wanaokunywa maji yenye kiwango kikubwa kwa miaka mingi hutokea maumivu ya viungo, kukakamaa kwa mgongo na miguu kupinda. Madhara hayo yameshuhudiwa katika vijiji kadhaa vya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Tanzania, kwa kuzingatia uhaba wa vyanzo salama, kwa miongo kadhaa iliruhusu hadi miligramu 8. Kiwango hicho kilishushwa hadi 4, na baadaye hadi 1.5. Vyanzo vingi vinavyouzunguka Mlima Meru vinazidi hata miligramu 10.

Ni dhahiri kwamba kushusha tarakimu katika kitabu cha viwango hakushushi floridi katika ndoo ya mama wa Oldonyo Sambu.

Aidha, suala hili ni la chakula pia. Watafiti wa meno hapa nchini walikwisha onyesha kwamba magadi yanayotumika kulainisha maharage na kande huongeza floridi mwilini. Familia inaweza kupata maji mazuri na bado ikamlisha mtoto floridi kwa njia ya sufuria.

Hatua zinazowezekana

Zipo hatua ambazo hazihitaji kusubiri mradi mkubwa. Maji ya mvua karibu hayana floridi, hivyo tangi la kuvuna maji ya paa ni kinga kwa watoto wadogo. Maziwa ya mama nayo yana floridi kidogo sana hata pale mama anapokunywa maji mabaya. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Kinyume chake, maji yakipungua sufuriani, floridi iliyomo huzidi ukali.

Kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi kilichopo Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchujia maji. Sababu yake inafaa kuelezwa. Madini ya mfupa na ya jino ni ya jamii moja, nayo yana tabia ya kuivuta floridi. Mfupa wa ng'ombe uliochomwa huinasa floridi kabla haijafika katika mfupa wa mtoto.

Katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Arusha, Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floridi ikiwamo. Mwaka 2015 ubunifu huo ulimpatia tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ujuzi haupo. Linalotakiwa ni kuufikisha kwa walengwa sahihi, nao ni watoto walio chini ya miaka minane. Chujio likikosa fedha za kutosha kijiji kizima, lipelekwe kwanza katika kliniki za mama na mtoto na katika shule za awali. Kwa mtu mzima linasaidia mifupa, lakini kwa mtoto linaokoa mifupa na meno.

Nani asome meno yetu?

Fuvu la Zinjanthropus lilirejeshwa nchini mwaka 1965 na linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kila kipimo cha kaboni huchukua chembe za enameli ambazo hazirudi. Ni haki basi kwamba nchi inayokubali meno yake yaguswe iwe na wataalamu wake mezani, kama alivyokuwapo Profesa Masao mwaka 2008, na kwamba matokeo yawafikie wananchi kwa lugha wanayoielewa.

Mwanafunzi wa Oldonyo Sambu anayefundishwa kwamba Zinjanthropus alikuwa mvunja kokwa anafundishwa jambo lililokwisha kupitwa na ushahidi. Anayefundishwa jinsi ukweli ulivyopatikana atajifunza pia kuhusu kinywa chake mwenyewe, na huenda siku moja akayauliza maswali ambayo watu wazima wameyazoea mno kuyauliza.

Viongozi hupenda kupima mafanikio ya miradi ya maji kwa urefu wa mabomba na mabilioni ya shilingi. Upo ukaguzi mwingine usiopokea maelezo wala visingizio. Mtoto anayezaliwa mwaka huu atakuwa na meno yake ya kudumu ya mbele mnamo mwaka wake wa nane, na kila kilichofanyika au kilichoachwa kufanyika kitakuwa kimeandikwa humo.